S95 au LX5? Wiki tatu na kamera mbili za mwaka 2010, sababu ya mikono ya bibi

Bibi yangu anasuka ukili, ule mkanda wa majani ya ukindu unaoshonewa mikeka. Yuko Pangani, ana miaka 80 na kitu, na kila siku baada ya alasiri anakaa barazani na fungu lake la ukindu pembeni, bakuli la maji la kuulainishia, alafu mikono inaanza kwenda yenyewe huku yeye anaongea na wapita njia. Haangalii mikono kabisa. Anaweza akakuuliza habari za Dar, akamfukuza kuku, akaitikia salamu ya mtu njiani na ukili unazidi kurefuka tu, pima moja, pima mbili, anaukunja pembeni kama mpira wa maji. Mi nimekua naangalia ile mikono tangu nikiwa naburuzwa kwenye mkeka wake, na mwaka jana ndo nikashtuka kwamba sina hata picha moja ya maana ya hiyo kitu.

Sio kwamba sijapiga. Nimepiga nyingi, kwa simu. Shida ni kwamba muda wa bibi kusuka ni ule wa jua kushuka, na baraza yake ina paa la makuti limeshuka chini sana, kwahiyo mwanga unakua mdogo, na simu yangu ikiona mwanga mdogo inachukua picha kadhaa kwa mkupuo inaziunganisha ziwe moja. Kwa mtu aliyetulia inatoka vizuri mpaka unashangaa. Kwa mtu anayesuka inatoka vidole vya moshi. Alafu uso, aisee uso ndo uliniuma zaidi, simu inampangusa bibi makunyanzi yote, yaani anatoka kama amepakwa nta. Yale makunyanzi nayajua moja moja, mengine yana historia, sikutaka mashine iniamulie kwamba hayatakiwi.

Ndo nikaanza kutafuta kamera. Kamera kubwa zile za kubadilisha lenzi niliazima mara moja nikaenda nayo, bibi alivyoiona tu akaacha kusuka, akafunga ushungi wake upya, akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Mkono kimya juu ya goti. Nikajua hapa natakiwa kitu kidogo, kitu ambacho baada ya dakika kumi atakisahau. Kamera ndogo mpya za maana zimepanda bei mpaka sio za mfuko wangu, kwahiyo nikaangukia kwenye zile ndogo za zamani ambazo zamani zake zilikua za watu wanaojua picha. Zipo za aina hiyo nyingi lakini mwisho nilibaki na mbili mezani, Canon PowerShot S95 na Panasonic Lumix LX5, zote mbili zimetangazwa katikati ya mwaka 2010, zikipishana kama mwezi tu.

Hizi mbili zilikua washindani kweli kweli wakati wao. Zilipotoka S95 ilikua kama dola 400 na LX5 kama dola 500. Zote zina megapikseli 10, zote zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya aina ya CCD iliyo kubwa kidogo kuliko za kamera ndogo za kawaida (kidogo tu, upana wake hata sentimita moja haufiki), zote zinakupa modi za kuchagua mwenyewe kila kitu na zote zinatunza faili za RAW, yaani picha mbichi ambayo kamera haijaipika. Na hiyo megapikseli 10 msiidharau. Canon mwaka 2008 walikua na kamera yao nyingine, G10, ya megapikseli 14.7, mwaka uliofuata wakatoa G11 wakairudisha chini mpaka 10, makusudi, kwasababu kwenye sensa ndogo ukijaza vidoti vingi sana kila kimoja kinapata mwanga kidogo na usiku picha inajaa chenga. S95 imekuja kwenye njia hiyo hiyo. Na picha ya megapikseli 10 unaichapa karatasi ya A4 ikatoka imenyooka bila kuivuta, mi ndo nilichokua nataka, A4 ya kuweka kwenye fremu pale sebuleni kwa bibi.

Kuna hili la CCD nalo niliseme kabla sijaenda mbele, maana siku hizi vijana wengi wanazisaka hizi kamera sababu wanaamini CCD ina rangi za ajabu ambazo sensa za sasa hivi hazina. Mi nimepiga nazo, nimezipenda rangi zake, lakini siamini kwamba ni CCD yenyewe. Rangi inatoka kwenye vichujio vilivyo juu ya sensa na kwenye jinsi kamera inavyopika picha humo ndani, na ile sura ya "picha za zamani" wanayoipenda nusu yake ni flashi ya usoni. Kitu ambacho CCD inakupa kwa uhakika ni ule mstari wa zambarau unaokatiza skrini juu mpaka chini ukielekeza kamera kwenye jua au balbu kali, kwenye picha yenyewe haupo ila kwenye vidio unao. Kwahiyo kama unanunua kwa ajili ya rangi nunua, zinapendeza, ila usimlipe mtu hela ya ziada kwasababu kakutajia herufi tatu.

Haya. S95 aliyekua nayo ni rafiki yangu wa kazini, alinunuliwa na kaka yake miaka hiyo, imekaa kabatini, akaniambia laki moja na themanini, chukua kaa nayo hata wiki mbili ukiipenda nilipe. LX5 ilikua Unguja, kwa mtoto wa mamkubwa wangu ambaye ananunua maboksi ya vitu vya umeme vya mitumba kutoka Japani, humo ndani unakuta redio, saa, pasi, na mara moja moja kamera. Yeye alitaka laki mbili na ishirini, undugu ukiwa umeshapunguzwa ndani yake. Na bahati nzuri tulikua na harusi Unguja mwezi huo huo, kwahiyo nikavuka na boti nikiwa na S95 mfukoni, nikakaa na kamera zote mbili siku tatu, nyumba moja, mwanga mmoja, watu wale wale. Sidhani kama ningeweza kuamua kwa kusoma tu maana nilikua nimeshasoma mpaka nimechanganyikiwa.

Niseme kwanza uzuri wa S95 maana inastahili. Ni ndogo kweli. Haifiki gramu 200 na betri yake ndani, unene kama sentimita tatu, inaingia mfuko wa mbele wa suruali na unapanda daladala hakuna anayejua una kamera. LX5 ina gramu 271 na lenzi imetokeza mbele, unene zaidi ya sentimita nne, hiyo ni ya mkobani, mfukoni inaleta uvimbe. Alafu S95 ukiizima lenzi inaingia ndani na vijipazia vinafunga mbele yake, basi. LX5 ina kifuniko cha kutoa kwa mkono kinachoning'inia na kamba, ukisahau kukitoa ukawasha kamera inakwambia toa kifuniko, na katika ile kutoa kitu ulichotaka kupiga kimeshapita. Harusini nilikosa mambo mawili hivi hivi sababu ya kifuniko.

Alafu S95 ina ile pete mbele inayozunguka lenzi. Unaipangia kazi unayotaka, unaizungusha inasema tik tik, na kidole kinajua kimesogea hatua ngapi bila jicho kuangalia. Mi niliipangia ile plasi na mainasi ya mwanga na hapo ndo nataka nikae kidogo, kwasababu kwa sisi watu weusi hii kitu sio mapambo.

Kamera haijui inaangalia nini. Inapima mwanga wote uliopo mbele yake na inajaribu kuuleta kwenye kijivu cha katikati. Sasa mpange bwana harusi na wazee kumi na mbili wote kanzu nyeupe na kofia nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na wazee wote wanatoka nyuso nyeusi tii hata macho huyaoni. Ukienda upande wa kina mama ambako kuna mabuibui meusi mengi inatokea kinyume chake, inadhani ni giza, inaongeza, na nyuso zinatoka zimepauka kama wamemwagiwa unga. Wala kamera haijaharibika na wala sio kwamba sisi hatupigiki picha vizuri, kama nilivyowahi kuambiwa na mpiga picha mmoja studio nikiwa mdogo nikaamini miaka. Kwenye kanzu unaenda plasi, theluthi mbili ya hatua au hatua nzima (hatua moja ya kamera ni mwanga mara mbili), kwenye mabuibui unaenda mainasi kidogo, na picha inakaa. Kwa S95 hiyo ni kuzungusha pete tu, jicho liko kwa mtu. Kwa LX5 kuna kigurudumu nyuma, unakibonyeza kwanza ndo kinabadili kazi alafu unakizungusha, na ukibonyeza mara moja zaidi umeshapotea. Unazoea, lakini ya S95 ni tamu zaidi, nasema wazi.

Kwahiyo siku ya kwanza na ya pili pale Unguja nilikua nimeshaamua S95. Nikamwambia hata binamu, kamera yako nzuri lakini hapana. Ni siku ya tatu jioni ndo mambo yakageuka.

Siku hiyo harusi imeisha, watu wamechoka, mamkubwa kakaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Jua limeshuka, adhana ya magharibi bado kidogo. Nikaona hapa ndo kwa bibi kabisa, mwanga huu huu, mikono inaenda hivi hivi. Nikakaa mbali naye kama hatua nne ili asinijali, nikavuta zumu ya S95 mpaka mwisho, nikapiga. Vidole vimepaka. Nikapiga tena, vimepaka. Nikachukua LX5, nikavuta mpaka mwisho, ISO ile ile 800 (ISO ni jinsi kamera inavyoukuza mwanga, ikipanda na chenga zinapanda), na vidole vikaja. Sio vyote, kile kinachorusha mchele bado kilikua na moshi kidogo, lakini kucha naziona, pete yake naiona, punje za mchele zilizoganda hewani naziona.

Nikaanza kuangalia kwenye taarifa za picha kimetokea nini. S95 ilitumia shata ya 1/30, yaani ilipokea mwanga kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde. LX5 ilitumia 1/60.

Maelezo yake ni haya na ndo kitu ambacho ningependa mtu aniambie mapema kabla sijapoteza wiki mbili. Kwenye makaratasi kamera zote mbili zimeandikwa f/2.0. Hiyo namba ni ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi, na f/2.0 kwa kamera ndogo ni nzuri sana. Lakini hiyo f/2.0 ni pale lenzi ikiwa haijavutwa. Ukianza kuvuta zumu tundu linaanza kubana, na kila kamera inabana kivyake. S95 inaanza na milimita 28 inaishia 105 (kwa hesabu ile ya kulinganisha na filamu ya 35, namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu) na ikifika huko mwisho imeshakua f/4.9. LX5 inaanza 24 inaishia 90 na mwisho wake ni f/3.3. Piga hesabu, 4.9 gawa kwa 3.3, jibu zidisha kwa lenyewe, unapata kama 2.2. Yaani ikiwa zote zimevutwa mpaka mwisho, lenzi ya LX5 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya S95. Ndo maana moja ilihitaji sekunde 1/30 na nyingine ikatosheka na nusu yake.

Ukisoma matangazo ya watu wanaouza utaona "f/2.0 lenzi ya mwanga mdogo" kwenye zote mbili na ni kweli kwa zote mbili, na bado kwa kazi yangu haziko sawa hata kidogo. Namba ya pili ndo inayosema, ile wanayoiandika baada ya kistari, kama 4.9 kwenye f/2.0-4.9.

Kuna mtu atasema si usogee tu karibu, uache kuvuta, upate hiyo f/2.0. Nilijaribu. Kwa milimita 28 ili mikono ijae kwenye picha inabidi uweke kamera karibu na goti la mtu, na hapo bibi ameshaacha kusuka anakuangalia wewe. Na ukipiga uso kwa karibu hivo na lenzi pana pua inakua kubwa, masikio yanakimbilia nyuma, mtu hajifanani. Ningeweza pia kupandisha ISO ya S95 mpaka 1600 nikapata shata ile ile ya 1/60, lakini kwa sensa hizi ndogo za enzi hizo 1600 chenga zinaanza kula ngozi, na ngozi ndo niliyoifuata. Kwa 800 zote mbili zina chenga ila ni chenga za kuvumilika, ukichapa A4 zinaonekana kama punje za filamu. Na kile kituliza mkono kinachotangazwa kwenye zote mbili kinasaidia mkono wako wewe unayeshika kamera usitikise picha, hakiwezi kutuliza mkono wa bibi.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo mengine ya LX5 ambayo nilikua nayapita. Pembeni mwa lenzi kuna kijiswichi cha kuhamisha fokasi, ya kawaida, ya karibu, na ya mkono, hicho nakipenda sana kwasababu nikishafokasi kwenye mikono nahamishia kwenye ya mkono na kamera haianzi tena kutafutatafuta, nabonyeza tu. Fokasi ya karibu inafika sentimita 1 toka kwenye lenzi, S95 ni sentimita 5, na kwa msuko wa ukindu ambao kila jani lina upana kama wa kijiti cha kiberiti hiyo tofauti ni kubwa. Juu ya lenzi kuna swichi ya kubadili umbo la picha, 4:3, 3:2, 16:9, na mraba, bila kuingia kwenye menyu. Na juu ina kiti cha kuwekea flashi ya nje, S95 haina, mi sitakitumia ila wa harusi atakitumia.

Vidio nitasema kifupi. Zote zinaishia 720p, simu yako inazipita, msinunue kwa ajili ya vidio. S95 ina sauti ya pande mbili lakini ukishaanza kurekodi zumu ya lenzi inakataa kusogea, LX5 zumu inasogea ila sauti ni ya upande mmoja. Sauti ya bibi naichukua kwa simu naiweka chini ya kigoda, basi.

Sasa kikwazo. Kamera ya binamu ilitoka Japani, na Panasonic nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani menyu yake ni Kijapani peke yake, hakuna pa kubadilisha. Sio kwamba umekosa kuitafuta lugha, haimo. Za Canon nilizowahi kushika zina orodha ndefu ya lugha, hii haina. Hii ndo sababu alikua anaiuza rahisi na ndo sababu wateja watatu kabla yangu walirudisha. Mi nilikaa nayo usiku mmoja, simu nimeiweka kwenye ile programu inayotafsiri kwa kamera, ukurasa kwa ukurasa, naandika kwenye daftari: ukurasa wa kwanza mstari wa nne ni hiki, wa pili mstari wa sita ni kile. Kumbe vitu ninavyohitaji kila siku haviko kwenye menyu. Kile kigurudumu cha juu cha kuchagua modi kimeandikwa P, A, S, M kwa herufi tunazozijua, kitufe cha ISO kimeandikwa ISO, na kuna C1 na C2 ambazo unahifadhi mpangilio wako mzima, ukigeuza pale kila kitu kinarudi kama ulivyokiacha. Nikapanga mambo ya bibi yote kwenye C1, toka siku hiyo menyu sijaifungua zaidi ya mara tatu. Ila kama wewe ni mtu wa kubadilisha badilisha, au unamnunulia mzee, angalia LX5 iliyouzwa Ulaya au sehemu nyingine.

Kabla ya hizi mbili nilishazunguka Kariakoo Jumamosi mbili na kuna duka moja nilikaribia kulipa LX5 nyingine nyeusi safi kabisa kwa nje. Muuzaji kaka wa watu ananiambia dada hii kama mpya, na kweli ilikua kama mpya. Nikamulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea pembeni, humo ndani kuna kama utando wa buibui mweupe, nyuzi nyuzi zinatambaa kutoka ukingoni. Kuvu. Pwani hii unyevu ni mwingi, kamera ikikaa miaka kwenye droo au kwenye begi la ngozi kuvu inaota juu ya kioo cha lenzi na ikishaota inakula ile rangi ya juu ya kioo, hata ukiisafisha alama inabaki. Kwahiyo tochi ni lazima, usione haya. Na hizi lenzi zinazotoka na kuingia zina ugonjwa mwingine, mchanga. Punje moja ikiingia kwenye mrija kamera inaanza kulalamika lenzi imekwama na kuzima, kwahiyo iwashe na kuizima mara kumi pale pale, vuta zumu mbele nyuma, sikiliza kama kuna mkwaruzo. S95 angalia na flashi, inajitokeza yenyewe kwa mota juu upande wa kushoto ambako ndo kidole kinapenda kukaa, watu wengi wameibana mpaka imechoka. Angalia na vile vijipazia vya mbele vinafunguka vyote. Ikikuuliza tarehe kila ukiwasha ujue kibetri cha ndani cha saa kimeisha, sio kosa la kuacha kamera ila la kupunguzia bei. Alafu piga picha moja umefunika lenzi kabisa, shata ya sekunde kadhaa, uikuze, vidoti vichache vya rangi ni kawaida kwa umri huu, vikiwa vingi kama nyota achana nayo.

Na chaja! Hizi zote mbili hazichaji kwa waya wa USB, betri inatolewa inawekwa kwenye chaja yake. Kamera bila chaja inauzwa bei ya chini na mtu anafurahi, anafika nyumbani hawezi hata kuiwasha. Betri za S95 zinaitwa NB-6L, za LX5 ni BCJ13, za kuiga za zote bado zinapatikana. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe S95 inapiga kama picha 200 kwa chaji moja na LX5 kama 400, na hiyo ilikua betri ikiwa mpya. Pangani umeme ukikatika unajua, kwahiyo hilo nalo liliingia kwenye hesabu. Picha nazitoa kwa kidude cha kusomea kadi nachomeka kwenye simu, hamna waifai humu.

Rafiki yangu nilimrudishia S95 yake na nikamwambia asiiuze, aanze kutembea nayo. Nilimaanisha. Kama ningekua nataka kamera ya mjini, ya kutembea nayo kila siku, ya kupiga mtaa na chai ya jioni na watoto wanaocheza, ningechukua S95 bila kufikiria mara mbili, kwasababu utaitoa nyumbani kila siku na LX5 kuna siku utaiacha. Lakini mi nilikua na mtu mmoja, baraza moja, na saa moja ya siku. Nikamlipa binamu laki mbili, akanipunguzia ishirini sababu ya menyu.

Pangani nilifika Ijumaa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, umekonda, kula. Siku ya kwanza sikuitoa kamera kabisa. Ya pili niliiweka tu juu ya kigoda akaiona, akauliza hicho ni nini, nikamwambia kamera bibi, akasema kamera gani ndogo hivyo, tukaendelea na habari nyingine. Jioni nikakaa kwenye ngazi, yeye juu barazani, hatua kama nne, C1, zumu mwisho, ISO 800. Siku hiyo alikua anachanganya ukindu mweupe na uliotiwa rangi ya zambarau na kijani, wa mkeka wa harusi ya mjukuu mwingine. Nilipiga kama 60. Nyingi nilifuta. Zilizobaki ni 9 na kati ya hizo moja ndo ile, vidole vyote kumi vimetulia, jani la zambarau limeshikwa kati ya gumba na cha shahada, kucha zina rangi ya ukindu, na nyuma kabisa uso wake uko nje ya fokasi anacheka na mtu wa njiani.

Kesho yake nikamwonesha kwenye skrini, nikaikuza mpaka msuko ukajaa. Akaichukua, akaisogeza mbali na macho kama anavyosoma vitu, akakaa kimya nikadhani amependezwa. Akasema, "Pale nimeruka jani." Akaweka kamera chini, akautafuta ukili wa jana kwenye lile fungu, akaufungua mpaka akapafikia, na kweli, jani moja la kijani limepita juu ambako lingepita chini. Akaanza kufumua.